Kabureta Haikutenda Kosa Hilo

Ipo kauli moja ambayo katika gereji za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo imekwisha kupata heshima ya sheria, nayo ni hii: kwamba gari la zamani likitikisika sailensi, yaani likiwa limesimama na injini inazunguka pasipo mguu kukanyaga mafuta, basi mkosa ni kabureta na dawa ni bisibisi. Kauli hiyo huanzwa na dereva, huungwa mkono na fundi, hukubaliwa na mwenye gari, na kwa kuwa watatu hao huafikiana kila mara, imedhaniwa kuwa maafikiano yao ni ithibati. Mimi naipinga. Siipingi kwa ubishi, wala kwa kutaka kujionyesha mjuzi mbele ya mafundi ambao mikono yao imenifaa miaka mingi. Naipinga kwa sababu nimeishi na Land Rover ya kale katika vilima hivi vya Karagwe, nimeilipia kauli hiyo fedha na siku zangu, na mwisho nimeona kwa macho kwamba kabureta ilikuwa ikiadhibiwa kwa makosa ya jirani zake.

Insafu yanilazimu kutaja kwanza kweli iliyomo katika maneno ya wapinzani wangu. Kabureta si malaika. Vumbi jekundu la njia zetu wakati wa kiangazi hupenya chujio la hewa lililochakaa na kutulia mahali pasipotakiwa. Petroli inayouzwa kwa madumu na chupa kando ya barabara mara nyingine huja na maji, mara nyingine huja na mafuta ya taa, na hila hii ilienea nchini hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ili yaliyochakachuliwa yajulikane. Na gari likilazwa miezi mingi, petroli iliyobaki ndani ya bakuli huganda kama ulimbo na kuziba vijitundu ambavyo hata sindano haiviingii. Haya yote hutokea, na yanapotokea kabureta haina budi kufunguliwa na kusafishwa. Lakini kusema kwamba jambo hutokea si sawa na kusema kwamba ndilo lililotokea, na tofauti baina ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti baina ya ufundi na ramli.

Natuulize basi sailensi ni kitu gani. Injini inapokwenda kwa kasi, hewa hupita mbio katika koo jembamba la kabureta, na mbio hizo hupunguza msukumo wa hewa mahali pale, petroli ikapanda kutoka katika jeti kuu kama rubisi ipandavyo katika mrija wa mzee. Lakini injini inapopumzika, kipepeo cha kabureta karibu kimefunga njia yote, hewa ipitayo ni haba na yaenda polepole, jeti kuu imenyamaza, na injini nzima yaishi kwa riziki ya tundu moja dogo lililo chini ya kipepeo, ambalo skrubu ya mchanganyiko hulipa zaidi au hulipunguzia. Tena wakati huo huo ndipo silinda zinapovuta kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa, hata ufa mwembamba kama unywele, ambao barabarani usingejulikana, huingiza hewa ambayo hakuna aliyeipima. Kwa hiyo sailensi ni kwa injini kama mwezi wa Januari ulivyo kwa nyumba ya mkulima wa kahawa: upungufu uliofichwa na fedha za msimu hudhihirika ada ya shule inapodaiwa. Vali isiyofunga sawasawa, cheche dhaifu, gasketi iliyopasuka, kila kimoja huitikisa injini kwa namna moja, na mtikisiko haubebi jina la mwenye kosa.

Sasa tuitazame dawa inayotolewa. Kabureta nyingi za magari hayo zina skrubu mbili za sailensi: ya kwanza hukizuia kipepeo kisifunge kabisa, nayo ndiyo ya mwendo, ya pili ni ya mchanganyiko. Fundi mwenye haraka huikimbilia ya kwanza, huikaza, mngurumo hupanda, mtikisiko hupungua, mwenye gari hufurahi na ujira hulipwa. Je, kilichofanyika ni nini? Kipepeo kimeinuliwa mpaka kimefunua vitundu vya mpito, ambavyo viliwekwa pale kuisaidia injini wakati mguu unapoanza kukanyaga mafuta, wala si wakati wa kupumzika. Petroli sasa yapitia huko, na lile tundu la sailensi limenyang'anywa kazi yake. Juma moja baadaye gari hurudi, fundi akaizungusha skrubu ya mchanganyiko ndani na nje, injini isimjibu lolote, naye kwa unyofu wa moyo wake akatoa hukumu ya mwisho: "Mzee, kabureta hii imekufa." Haikufa. Imezibwa mdomo na mkono ule ule unaoishtaki kwa kunyamaza. Na mwenye gari, ambaye hajui kadhia hii, huondoka akiunguza petroli asiyoihitaji, gia ya kwanza ikilia kila aiingizapo, na jioni akizima ufunguo hushangaa kuona injini yaendelea kukohoa kama kwamba haikusikia amri.

Yaliyonipata ni ushahidi wa kutosha. Land Rover yangu ni ya toleo la tatu, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo na kabureta ya Zenith. Ilianza kutikisika sailensi hata kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu ila ukungu, ingawa nikiisha kushika barabara ilivuta vizuri na kupanda mlima bila malalamiko. Fundi wa kwanza alizungusha skrubu. Wa pili alizungusha skrubu na kuniambia ninunue vifaa vya ukarabati wa kabureta. Wa tatu aliniambia ninunue kabureta nyingine kabisa, nami nikainunua, ikafungwa, na gari likatikisika vile vile kama jana, isipokuwa sasa lilinuka petroli pia. Ndipo nikampelekea fundi mmoja mzee, aliyejifunza kazi enzi ambazo magari ya misheni, ya ushirika na ya serikali katika wilaya hii yalikuwa karibu yote ya aina hiyo. Hakugusa kabureta. Alisimama kwanza akasikiliza, kisha kwa koleo lenye mpira akachomoa waya wa plagi moja baada ya moja huku injini inazunguka. Alipochomoa wa kwanza, injini ilishuka. Wa pili, ilishuka. Wa tatu, haikubadilika hata kidogo. Wa nne, ilishuka. Akanitazama akasema, "Mwalimu, silinda ya tatu hailimi, inakula tu. Kabureta inazilisha zote nne chakula kimoja. Ingekuwa ni yeye, wangeugua wote."

Alifungua kifuniko cha vali, akachukua vile vibati vya kupimia nafasi viitwavyo fila, na kwenye vali ya moshi ya silinda ile hakikuingia hata kibati chembamba kuliko vyote. Injini ile yataka nafasi ya inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita, baina ya vali na kisukumizi chake. Kiti cha vali kilikuwa kimelika kwa miaka mingi, vali ikazama, nafasi ikatoweka, na vali ikawa haifungi sawasawa. Katika mwendo wa kasi hewa iliyoshindiliwa haikupata muda wa kutoroka, kwa hiyo nguvu haikupungua sana; lakini katika sailensi muda ulikuwa tele, nayo ikatoroka. Kazi ya nusu saa iliyotaka kibati na spana ndiyo iliyokomesha maradhi ambayo skrubu, vifaa vya ukarabati na kabureta mpya vilishindwa kuyagusa. Tangu siku hiyo nimeshika neno moja ambalo ndilo kiini cha makala haya: kabureta haiwezi kusetiwa juu ya injini mgonjwa, na kwa hiyo yapasa iwe ya mwisho kushtakiwa.

Tartibu ya haki ni hii, wala haitaki mitambo ya thamani. Kwanza hupimwa pumzi ya silinda na nafasi za vali, kwa kuwa pasipo pumzi hakuna linalofaa. Pili hutazamwa cheche: plagi, nyaya, koili, kifuniko cha distributa na pointi zake, ambazo katika injini niliyoitaja hutaka nafasi ya inchi 0.014 hadi 0.016, kisha taimingi. Plagi zenyewe ni mashahidi wasiohongeka: rangi ya kahawia hafifu husema mchanganyiko ni sawa, masizi meusi makavu husema petroli imezidi, weupe wa chokaa husema hewa imezidi, na plagi moja ikitofautiana na wenzake watatu, basi kosa ni la silinda ile na si la kabureta inayozihudumia zote. Tatu hutafutwa mahali pavujapo hewa: gasketi chini ya kabureta, manifoldi, mpira wa vakyumu uendao kwenye breki, na mhimili wa kipepeo uliolika, maji ya sabuni yakidondoshwa polepole penye mashaka, na mngurumo ukabadilika, mwizi amekamatwa. Nne hutazamwa petroli yenyewe na usafi wake. Ni baada ya hatua hizi nne ndipo bisibisi inapopata ruhusa.

Hapa lipo jambo ambalo katika malumbano haya husahauliwa kabisa, nalo ni mahali tulipo. Vitabu vya magari haya viliandikwa na watu wa nchi za chini, na magari mengi huletwa kwetu yakiwa yamesetiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Lakini Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, nasi tukiliacha Bukoba na kuuvuka Mto Kagera pale Kyaka twapanda tena hata kufikia vilima vyenye mita 1,500 na zaidi. Katika mwinuko huo hewa imepungukiwa na uzito kwa kadiri ya asilimia 13 au 14 kuliko ile ya Pwani, na kabureta haijui uzito, hujua ujazo tu; hewa hupungua zaidi kuliko petroli inavyopungua, na mchanganyiko uliokuwa wa insafu kule chini, karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, huku juu huwa mzito. Matokeo ni plagi nyeusi, moshi mweusi na sailensi inayonesanesa, na mtu akisema kabureta imeharibika, nitamjibu kwamba inasema kweli ya Pwani katika nchi ya milima.

Hata kipimo cha vakyumu, ambacho fundi mwangalifu hukifunga kwenye manifoldi ili aisome afya ya injini, hudanganya asiyekijua. Vitabu husema injini nzima sailensi huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Lakini kadiri mtu apandavyo, kipimo hushuka takriban inchi moja kwa kila futi 1,000, kwa hiyo injini yenye siha kamili pale Kayanga yaweza kuonyesha 13 au 14, na fundi aliyekariri kitabu pasipo kufikiri ataifungua ili kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Akitazama vema ataona kwamba lenye maana zaidi ni utulivu wa mshale kuliko tarakimu yake: mshale uliotulia husema injini ni nzima, na mshale unaodundadunda kwa mpigo husema vali moja haifungi.

Na wanaodai kwamba kabureta haifai kwa nchi yenye miinuko na mabonde, nawakumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo kwa miaka mingi yaliyashusha magari hadi joto la Pwani na kuyarudisha kwenye baridi ya nyanda za juu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na magari yote mawili yalikuwa ya kabureta. Chombo kilichofaulu mtihani huo hakiwezi kushindwa na safari ya kutoka Murongo kwenda Nkwenda.

Kusetiwa kwenyewe, injini ikiisha kuwa nzima, ni kazi ya upole na ya masikio. Injini na ipate moto wake wa kawaida, choki iwe wazi kabisa, chujio la hewa liwe safi na liwe mahali pake, kwa kuwa kuseti bila chujio na kulirudisha baadaye ni kupima gunia tupu na kulijaza nyuma ya mgongo wa karani. Skrubu ya mchanganyiko na izungushwe ndani taratibu mpaka iguse, isikazwe, maana ncha yake ni laini na ikikazwa huchongeka mfuo usiotoka tena. Kisha irudishwe nje mzunguko mmoja na nusu ili injini ipate kuwaka. Mwendo ukishushwa kwa skrubu ya kipepeo hadi uwe wa chini kabisa unaotulia, ndipo ya mchanganyiko huzungushwa robo kwa robo, fundi akingoja kila mara injini ijibu, mpaka afike mahali ambapo mngurumo ni wa juu na ulio laini. Mwendo ukizidi, huushusha kwa ile ya kwanza, na kuirudia ya pili, hata skrubu zote mbili ziafikiane. Wala asisahau kuuliza ni skrubu ya aina gani: katika kabureta fulani yapima petroli, na kuifungua ni kuongeza petroli, katika nyingine yapima hewa, na kuifungua ni kuipunguza petroli. Asiyeuliza huendelea kuizidishia injini kile kile kinachoidhuru.

Nakumbana sasa na hoja tatu za mwisho. Ya kwanza ni ya muda: husemwa kwamba dereva ana abiria, ana ndizi zinazoiva, hawezi kungoja tartibu ndefu. Najibu kwamba nusu saa ya fila ni fupi kuliko safari tatu za kurudi gereji, nami nililipa safari hizo zote. Ya pili ni ya kununua mpya. Mchagua jembe si mkulima. Kabureta mpya iliyofungwa juu ya vali mbovu hurithi lawama za ile iliyotupwa, na ile iliyotupwa mara nyingi ilihitaji tu uso wake uliopinda ulazwe juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo, ukanyooshwa, na kipete chake cha mpira kikabadilishwa. Mkulima akiona kahawa yake imepungua uzito huangalia kwanza kama imekauka au kama gunia limetoboka, haitupi mizani mtoni. Ya tatu ni ya wanaosema zama za kabureta zimepita, kwamba magari ya leo yana kompyuta inayojirekebisha kwa kila mwinuko. Ni kweli yanajirekebisha, na ni neema. Lakini gari hilo la kompyuta nalo, mpira wa vakyumu ukipasuka au plagi ikichoka, hutikisika sailensi vile vile, na fundi aliyezoea kushtaki kitu cha kwanza anachokiona atabadilisha vipimio vya bei kubwa kama alivyobadilisha kabureta. Kosa halimo katika zama za chombo. Limo katika kutanguliza hukumu mbele ya uchunguzi.

Tena tabia hiyo haifanani na asili yetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya tanuri za kale za jirani zetu wa Buhaya, wakaeleza kwamba wahunzi wa huko, zaidi ya miaka elfu na mia tano iliyopita, waliingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri hata hewa ikapata joto kabla ya kukutana na makaa. Wataalamu wamejadili sehemu za maelezo hayo, lakini hakuna anayekanusha kwamba watu hao waliyeyusha chuma kwa ustadi, na kuyeyusha chuma ni elimu ya kupima hewa kwa moto: ikizidi, kazi imeharibika, ikipungua, kazi imeharibika. Hapa Karagwe kwenyewe, ambako Speke alipokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, hazina ya watawala wa Bweranyange ilikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Nchi iliyojua mizani ya hewa na moto kabla ya kuona kitabu haipaswi leo kushindwa na mizani ya hewa na petroli kwa sababu ya pupa.

Nawasihi basi mafundi wetu, na hasa vijana wanaojifunza kazi chini ya miti ya Omurushaka na Nkwenda: gari la zamani likiletwa linatikisika, wekeni bisibisi chini, chukueni fila, chomoeni waya mmoja mmoja, zitazameni plagi, itafuteni hewa inayovuja. Nanyi wenye magari, mlipeni fundi kwa uchunguzi wake kama mnavyomlipa kwa spea, kwa kuwa fundi asiyelipwa kwa kutafuta hulazimika kula kwa kubadilisha. Mkiyamaliza hayo yote na injini bado yatikisika, hapo ifungueni kabureta, nami sitakuwa na neno la kuitetea.